Mstari Usiosalimia

Nchi yenyewe ina jina, ila jina limepelekwa kwenye kamati kupitiwa upya, na mpaka kamati iketi si vizuri mtu kulitajataja. Tuseme tu kwamba ni nchi yenye amani. Ina amani asubuhi, ina amani mchana, na kila Jumamosi wananchi hutoka na mafagio kuifanyia usafi hiyo amani. Kisa hiki kimetokea huko, si hapa kwetu. Hapa kwetu mambo kama haya hayawezekani, na anayefikiri vingine ana lake jambo.

Huko kulikuwa na Wizara ya Mawasiliano na Utulivu, na ghorofa ya pili ya wizara hiyo, katika chumba kisicho na dirisha, alikaa mwanamke aliyeitwa Perpetua Ngalimba. Cheo chake kilikuwa Mwandishi wa Maelekezo Daraja la Tatu. Wa daraja la kwanza na la pili hawakuwahi kuajiriwa. Kazi yake ilikuwa kuandika kurasa za kumwambia mtumishi wa umma bofya hapa, andika hiki, sasa subiri. Alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na minne, na kushangaa alikuwa ameacha kwenye mwaka wa tatu hivi.

Basi mwaka huo Waziri akatangaza kwamba kuanzia tarehe mosi mwezi wa nne kompyuta zote za serikali zitapitia kwenye proksi. Proksi, kwa asiyeijua, ni kompyuta inayosimama katikati. Ukitaka kitu cha mtandaoni huendi mwenyewe. Unaituma ikuletee, nayo inatazama kwanza kama kinakufaa. Ya nchi hiyo iliwekwa ghorofa ya tisa, juu ya ofisi ya Katibu Mkuu, katika chumba chenye zulia. Tarehe mosi ikafika, na kila kitu kikapita humo salama, isipokuwa Ghala.

Ghala ni chombo cha waandishi wa programu, wanamotunzia kazi zao. Kila badiliko linawekwa humo pamoja na jina la aliyelifanya, siku na sababu. Ukitaka toleo jipya la programu unalivuta, ukitaka la zamani nalo lipo. Ni chombo kizuri, ila hakijui kubahatisha: lazima kiambiwe proksi iko wapi. Unafungua faili lake la mipangilio, unaandika mstari mmoja, kazi imekwisha:

proksi = lango.wizara:3128

Perpetua aliandika ukurasa wote wa maelekezo kwa dakika ishirini, pamoja na picha yenye mshale mwekundu, akaupeleka kwa Mkurugenzi kabla ya chai ya saa nne.

Saa tano mdogo wake akapiga simu. Evarist alikuwa fundi kompyuta wa hospitali ya wilaya ya Mhembe, siku moja na nusu kutoka makao makuu kama mvua haijanyesha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Sisi hatujambo. Dada, ule ukurasa wa Ghala umetoka?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Hospitali zote za nchi hiyo zilikuwa na programu ya kukokotoa dozi za watoto. Muuguzi anaingiza uzito wa mtoto, programu inachapisha lebo, na kwa amri ya serikali kinachofuatwa ni lebo, si kichwa cha muuguzi. Sasa toleo la saba la programu hiyo lilikuwa na kosa. Kwa mtoto aliye chini ya kilo kumi, dawa ya degedege ilitoka mara nne ya inayotakiwa. Kosa liligunduliwa mwezi wa tatu, likasahihishwa mwezi huohuo, na toleo la nane lilikuwa limeshawekwa Ghalani, zima, linasubiri kuvutwa. Kilichokosekana ni ule mstari.

"Umefika kwa Mkurugenzi," Perpetua alisema.

"Utatoka leo?"

"Wiki hii."

"Dada, nina watoto watatu wodini wamelala tangu juzi. Wanapumua, ila hawaamki. Sista Staili alianza kupiga hesabu ya dozi kwa mkono, wakampa barua ya onyo." Evarist alishusha sauti. "Si mstari mmoja tu? Wewe unaujua. Nitajie niuandike sasa hivi, nivute toleo la nane, yaishe."

Perpetua aliujua, ndiyo. Anwani ile ilijulikana kwa watu saba nchi nzima, na yeye alikuwa wa saba. Lakini kulikuwa na sheria kuhusu kutoa kigezo, yaani anwani kama hiyo, kabla ya waraka. Mtu wa mwisho kuivunja alihamishiwa kituo cha kupima mvua ambacho bado hakijajengwa, na huko anasaini kufika kila siku saa moja na nusu. Aliyepokea kigezo naye alihamishiwa hapohapo, awe msaidizi wake.

"Subiri waraka, mdogo wangu," alisema. "Si muda mrefu."

Nchi hiyo ina desturi moja ambayo huwachukua wageni muda kuizoea. Neno lolote linalopanda kwenda ofisi ya juu haliendi bila itifaki. Kwanza wanasalimiwa wakubwa wote kwa vyeo vyao, kuanzia juu kushuka, ndipo useme shida yako. Barua ni hivyo, hotuba ni hivyo, hata tangazo la maji kukatika. Mwaka mmoja soko kuu liliungua, na mlinzi aliyepiga simu zimamoto alikuwa bado yuko kwenye wakuu wa mikoa paa lilipoanguka. Alipewa cheti kwa kutoruka jina hata moja.

Kikao cha kupitia ukurasa wa Perpetua kilikaa siku ya Alhamisi. Aliongoza Mkurugenzi wa Maelekezo, Bwana Lugwisha, mtu mpole, mnene, aliyependa watu wote waelewane. Kulia kwake alikaa Afisa Itifaki, Bi. Mwatumu, mwenye miwani ya mnyororo. Kushoto alikaa mtu wa Usalama ambaye hakujaza karatasi ya mahudhurio.

Bi. Mwatumu aliweka kidole chini ya mstari.

"Mwenzangu, huu unakwenda wapi?"

"Kwenye proksi, Bi. Mwatumu."

"Nayo proksi iko ghorofa ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Na anayeuandika yuko wapi?"

"Wilayani."

"Kwa hiyo unapanda." Bi. Mwatumu alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Unapanda kutoka wilayani mpaka ghorofa ya tisa, unapita juu ya kichwa cha Katibu Mkuu, na hausalimii mtu."

Mkurugenzi Lugwisha alionekana kuumia kweli.

Perpetua alieleza, kwa sauti ileile anayoelezea mambo yote, kwamba huo si waraka wa mtu kwa mtu. Ghala ni mashine. Linasoma herufi kwa herufi, na likikuta neno la ziada linakataa. Akaongeza kwamba kuna watoto hospitalini wanasubiri toleo la nane.

"Tunawaombea," alisema Mkurugenzi. "Na ndiyo maana hatutaki waletewe kitu kisicho na adabu. Mashine itazoea. Hata mimi nilizoea."

Wakafanya kazi mpaka saa nane. Kwanza wakaongeza "Kwa heshima na taadhima." Halafu neno "lango" likaonekana kavu, likawa "Lango Tukufu." Kisha mtu wa Usalama akaongea kwa mara ya kwanza. Alisema anwani ya proksi ni siri ya nchi, na haiwezekani siri ikaandikwa kwenye karatasi itakayosomwa na watu. Perpetua akasema karatasi hiyo kazi yake yote ni kuwaambia watu anwani. Mtu wa Usalama akamtazama kwa muda, bila ubaya, akaandika kitu kidogo kwenye daftari. Anwani ikaondolewa. Mahali pake pakawekwa "anwani husika," na penye namba pakawekwa "namba husika."

Ukurasa wenyewe ulitunzwa Ghalani, kama kazi zote za chumba kile, na hapo kukatokea tatizo jipya. Mkurugenzi alifungua historia ya ukurasa akaona majina. Badiliko hili, fulani, saa sita na dakika kumi. Badiliko lile, fulani, saa sita na nusu. Akafunga kompyuta polepole.

"Hiki chombo kina ushahidi mwingi," alisema.

Kuanzia hapo hakuna aliyegusa ukurasa kwa jina lake. Walikuwa wanamwita Perpetua, wanasimama nyuma ya kiti chake na kumwambia neno la kuweka, naye anaweka. Ukurasa ulipitia kamati ndogo ya lugha, kamati ya mwongozo na kamati ya kamati. Mwezi wa sita ulipokwisha ulikuwa na mabadiliko sitini na mawili, na karibu yote yalikuwa ya Perpetua Ngalimba. Lile la kwanza kabisa, lenye anwani kamili, bado lilikuwemo Ghalani. Yeyote angeweza kulisoma, mradi awe ameshapita kwenye proksi.

Na ujue hakuwa mtu mbaya. Nyumbani alipika, akafua, akajibu salamu za majirani. Kuna siku alikaa kitandani akajaribu kulia kwa ajili ya wale watoto wa Mhembe, maana alijua ndivyo inavyotakiwa, machozi yakagoma. Alihisi kitu kama meno yaliyochomwa sindano ya ganzi, unayagusa kwa ulimi lakini si yako. Akajichukia kidogo, halafu hata hilo likapita.

Evarist alipiga simu mara ya pili mwezi wa saba.

"Dada, tumepata tuzo," alisema.

"Tuzo gani?"

"Walikuja wakaguzi wa Wizara. Wakapita wodi ya watoto, hakuna kilio. Wakauliza siku zote ni hivi? Mganga Mkuu akasema siku zote. Wakaandika. Sisi ndio Wodi Tulivu ya Mwaka. Cheti kimetundikwa mlangoni."

Perpetua alihamishia simu sikio la pili.

"Kuna mtoto anaitwa Kezia," Evarist akaendelea. "Ana miezi kumi na mmoja. Mama yake ni yule anayekaanga mihogo pale kwenye lango la hospitali. Aliingia Jumanne na degedege, wakamwekea uzito wake kwenye kompyuta, lebo ikatoka, wakafuata lebo. Leo Ijumaa. Mama yake ananiuliza mimi, dada. Ameambiwa kompyuta ndiyo iliyosema, na kompyuta ni mimi. Ananifuata mpaka chooni."

"Imebaki hatua moja tu. Uzinduzi."

"Uzinduzi wa nini?"

"Wa ukurasa."

Perpetua akasikia jenereta ya hospitali ikikohoa nyuma.

"Nitajie mstari, dada. Nakuomba. Sitamwambia mtu."

Perpetua alifungua mdomo. Mlango ukafunguliwa, Bi. Mwatumu akaingia kuuliza kama neno "taadhima" linaanza na a moja au mbili baada ya t. Perpetua akasema kwenye simu, "Tutawasiliana," kama mtu anayeongea na muuza vifaa vya ofisi, akakata. Aliona aibu. Ilikuwa aibu ndogo, ya saizi ya kuingia mfukoni, akaenda nayo kwenye chai.

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa taifa, chini ya mahema matatu, na bendi ya magereza. Jukwaani iliwekwa kompyuta iliyofungwa utepe. Haikuwashwa, kwa sababu umeme wote wa jenereta ulihitajika kwenye vipaza sauti. Itifaki ilichukua saa moja na dakika arobaini. Halafu Waziri akasimama.

"Ndugu wananchi," alisema, "proksi ziko nyingi duniani. Lakini je, zinaheshimiwa? Niliwahi kutembelea nchi moja iliyoendelea. Nikamkuta mtumishi anaiandikia proksi ya taifa lake neno moja, kavu, kama anayefukuza kuku. Ndugu zangu, nililia kwenye gari. Nikasema sisi, hapana. Sisi tutakuwa nchi ya kwanza ambayo mashine zake zinaomba ruhusa." Makofi yakapigwa. "Kuna wanaosema tumechelewa. Nawauliza, tumechelewa kwenda wapi? Sisi tupo hapahapa."

Watu wakapiga makofi tena, maana hilo lilikuwa kweli.

Kisha mstari ukasomwa mbele ya umma na mtangazaji wa redio ya taifa, bendi ikiwa imesimama:

proksi = Kwa heshima na taadhima, Lango Tukufu la Wizara, anwani husika, namba husika, itifaki ikiwa imezingatiwa

Perpetua akaitwa jukwaani. Alipewa saa ya ukutani yenye picha ya Waziri na kupigwa picha akiishika. Jirani yake ghorofa ya pili alimwambia baadaye kwamba alitoka vizuri, kwamba alionekana ametulia.

Waraka ulipelekwa wilaya zote kwenye bahasha zenye muhuri, pamoja na fomu ya utekelezaji. Fomu ilikuwa na swali moja: Je, mstari umeandikwa kama ulivyo? Majibu ya kuchagua yalikuwa mawili, Ndiyo na Ndiyo Kabisa. Nchi nzima mafundi wakakaa wakauandika, herufi kwa herufi, na koma zake. Nchi nzima Ghala likajibu kwamba halielewi anwani hiyo. Hilo halikuwa na sehemu yake kwenye fomu. Baada ya wiki mbili Mkurugenzi Lugwisha akatangaza utekelezaji wa asilimia mia moja, na siku hiyo watumishi wote wa ghorofa ya pili wakaletewa maandazi.

Perpetua alikula andazi lake lote. Alikuwa anafuta sukari kwenye vidole alipoiona orodha ya wilaya mezani, na Mhembe ilikuwa namba ishirini na tisa: Ndiyo Kabisa. Alikaa akiitazama. Halafu, bila kujua ni kwa nini siku hiyo na si nyingine, akainuka, akashuka ngazi, akatoka nje ya geti, akavuka barabara mpaka kwa fundi viatu na kusimama kwenye kivuli chake. Moyo ulikuwa unamwenda mbio. Ni muda mrefu haujafanya hivyo, na alidhani kwanza anaumwa. Akapiga simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Evarist, uko kwenye kompyuta?"

"Nipo."

"Ule mstari wa waraka hauwezi kufanya kazi."

"Tumeshauweka, dada."

"Najua mmeuweka. Umekubali?"

"Umewekwa," alisema Evarist. "Tumejaza fomu."

Sauti yake ilikuwa ya adabu, imepigwa pasi. Perpetua aliikumbuka sauti hiyo lakini si kwake. Ilikuwa sauti ya kaunta.

"Na Kezia?"

Akasikia karatasi zikifunuliwa. Alikuwa anatafuta kwenye daftari.

"Kezia aliruhusiwa," alisema. "Tarehe kumi na nane."

"Aliruhusiwa kwenda wapi?"

"Hapa imeandikwa aliruhusiwa."

Fundi viatu alikuwa anagonga kisigino. Perpetua akageukia ukuta.

"Kitandani kwake kuna nani sasa?"

"Kuna mwingine. Wa kilo nane na nusu. Aliingia jana asubuhi."

"Ameshapewa dawa?"

"Lebo imeshachapwa. Anapewa saa kumi."

Perpetua aliangalia saa ya simu. Ilikuwa saa tisa na robo.

"Evarist, nisikilize. Futa mstari wote wa waraka, usiache hata koma. Halafu andika ninavyokutajia. Ukimaliza, vuta toleo la nane, chapa lebo upya. Itakuchukua dakika kumi. Mimi nitakiri kwamba nimekutajia, nitahamishwa mimi, wewe utasema ulilazimishwa na dada yako. Umenielewa?"

"Dada, wa kwangu una muhuri. Huo wako una nini?"

"Niliuandika mwezi wa nne. Ni sahihi."

"Mwezi wa nne nilikuomba."

"Ndiyo," alisema Perpetua. "Uliniomba, nikakunyima. Nimekosa. Sasa andika."

Hakungoja jibu. Akaanza kutaja, herufi moja moja, taratibu, kama mwalimu anayesomea darasa imla. Neno proksi. Alama ya sawasawa. El, a, en, ge, o. Nukta. Alitaja wizara, akataja nukta mbili, akazitaja zile namba nne moja baada ya nyingine, kisha akazirudia. Fundi viatu aliacha kugonga akamtazama. Kila baada ya herufi alikuwa ananyamaza kidogo ili asikie kitufe kikiguswa. Hakusikia kitufe hata kimoja. Alisikia jenereta, na nyuma yake wodi, ambayo ilikuwa kimya kabisa.

"Umemaliza?" Evarist aliuliza.

"Nimemaliza."

"Haya, dada. Asante kwa kupiga," alisema. "Hilo liandikie barua, ulipitishe ngazi husika. Likitufikia tutalijadili kwenye kikao."